Mtoto asiyehesabiwa haonekani: tuelewe uchunguzi wa kaya



Katika toleo hili tunataka kueleza jambo linalozua maswali kila mara watu wenye madaftari au simu kubwa za mkononi wanapoingia mtaani. Jambo hilo ni uchunguzi wa kaya, au ankete kama wengi wetu tunavyosema. Waulizaji wanafika mlangoni na kuuliza mama amezaa mara ngapi, watoto wangapi wamefariki, maji yanachotwa wapi, na kama mtoto alilala chini ya chandarua usiku uliopita. Wanampima mtoto urefu na uzito. Kisha wanaaga na kuondoka, na hakuna unga wala sabuni inayofuata.

Familia iliyopoteza nyumba na shamba ina haki ya kuuliza: Majibu yetu yanakwenda wapi? Yanatusaidia nini? Je, yanaweza kutudhuru? Maswali haya yanahusu pia amani. Katika mitaa yetu daftari moja la majina limeweza kuwagombanisha wenyeji na waliokimbia, na uvumi mmoja juu ya hesabu umeweza kuamsha chuki za zamani. Ndiyo sababu tunaona vema kila kiongozi aelewe kazi hii kabla waulizaji hawajafika.

Mambo matatu yasiyofanana

Kuna hesabu za aina tatu ambazo watu wengi huzichanganya.

Ya kwanza ni sensa. Sensa humhesabu kila mtu katika nchi nzima. Katika Kongo yetu sensa ya mwisho ilifanywa Julai 1984. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule leo amepita miaka arobaini, na pengine ni babu au bibi. Tangu wakati huo idadi ya watu wa nchi, wa mkoa wa Kivu Kusini na wa mji wa Uvira imekuwa ya kukadiria tu.

Ya pili ni orodha ya msaada. Hiyo huandikwa na shirika au serikali ili kujua nani apewe chakula, turubai au pesa. Ina majina, na aliye ndani yake hungoja kupokea kitu.

Ya tatu ni uchunguzi wa kaya. Huu hauhesabu watu wote, wala hauandiki nani apewe msaada. Unachagua kaya chache kwa bahati nasibu, unaziuliza maswali yaleyale, kisha unatumia majibu hayo kukadiria hali ya mkoa au ya nchi nzima. Matokeo yake hutangazwa bila jina la mtu yeyote.

Tukiyatenganisha mambo haya matatu, ugomvi mwingi unaisha. Mama ambaye nyumba yake haikuchaguliwa katika uchunguzi hajanyimwa kitu. Na yule aliyechaguliwa hajapata upendeleo wowote. Anaombwa kutoa muda wake kwa niaba ya wengine wengi.

Chunguzi zilizofanywa katika nchi yetu

Mwaka 1990 viongozi wa dunia walikutana New York katika mkutano mkuu wa Umoja wa Mataifa juu ya watoto. Waliahidi kupunguza vifo vya watoto, kuwapa maji safi na kuwapeleka shule. Lakini ahadi bila kipimo ni maneno matupu. Kwa hiyo UNICEF ilitengeneza uchunguzi unaoitwa MICS ili kila nchi ipime yenyewe hali ya watoto na wanawake wake. Kongo ilifanya wa kwanza mwaka 1995, ukafuata wa 2001, nchi ikiwa bado imegawanyika kwa vita, kisha wa 2010, na mwingine wa 2017-18.

Kuna pia uchunguzi wa idadi ya watu na afya, unaojulikana nchini kwa herufi EDS. Huo ulifanywa mwaka 2007, ukarudiwa 2013-14, na wa tatu ukafanywa 2023-24. Taasisi ya serikali ya takwimu, INS, imekuwa na sehemu kubwa katika kazi hizi.

Mara nyingi tunasikia watu wakisema kwamba takwimu zinatengenezwa Kinshasa ofisini. Ukweli ni kwamba zinaanzia uani kwa mama fulani, pengine Sange au Luvungi, aliyekubali kuketi na mgeni kwa muda mrefu na kusimulia uzazi wake tangu mtoto wa kwanza.

Kaya zinachaguliwaje?

Tufikirie mnunuzi wa ndagala sokoni. Hawezi kukagua samaki mmoja mmoja katika gunia zima. Akiwa mjinga, anatazama zile za juu tu, na muuzaji mwerevu ameziweka juu zilizo kavu na nzuri. Akiwa na akili, anaingiza mkono juu, katikati na chini, anachukua kidogo kila mahali, na hapo anajua gunia likoje.

Uchunguzi hufanya vivyo hivyo. Kwanza nchi hugawanywa katika maeneo madogo, na baadhi ya maeneo huchaguliwa kwa bahati nasibu. Katika EDS ya 2013-14 maeneo 536 yalitembelewa nchini, na kaya zaidi ya 18,000 zikajibu. Pili, kikundi cha watu hupita katika eneo lililochaguliwa na kuandika kaya zote zilizomo, nyumba kwa nyumba. Tatu, kutoka orodha hiyo huchaguliwa kaya chache, tena kwa bahati nasibu. Nne, waulizaji hurudi kwenye kaya zile tu.

Hapa viongozi wanapaswa kujua jambo moja muhimu. Muulizaji haruhusiwi kubadilisha nyumba. Akikuta mlango umefungwa, hurudi tena, lakini haendi kwa jirani badala yake. Shefu naye hawezi kusema, “Nendeni kwa fulani, huyo ana shida zaidi,” wala, “Msiende kule, kutatia aibu mtaa.” Tukimruhusu mtu achague, tumemruhusu muuzaji apange ndagala nzuri juu ya gunia.

Maana ya neno kaya ni nini? Kwa kawaida ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Hili lina uzito mkubwa kwetu, kwa kuwa familia nyingi zilizokimbia hazikai kambini. Zimepokewa na ndugu, marafiki au waumini wenzao. Kama familia iliyokimbia inalala katika nyumba ya mwenyeji na kula pamoja naye, basi ni sehemu ya kaya hiyo na itajwe. Kama inapika peke yake katika chumba cha nyuma, basi ni kaya nyingine na iandikwe peke yake. Katika EDS huulizwa hata juu ya mgeni aliyelala nyumbani usiku uliotangulia. Mwenye nyumba akisema, “Hapa ni mimi na wanangu tu,” kwa kuogopa kodi au maneno ya majirani, watoto wa mgeni wake wanatoweka katika hesabu.

Takwimu zimetuambia nini?

Tuanze na habari njema. Mwaka 2007, EDS ilikadiria kwamba kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai nchini, 148 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Katika EDS ya 2013-14 walikuwa 104. Katika MICS ya 2017-18 makadirio yalishuka hadi 70. Hata kama chunguzi hizi hazifanani kwa kila kitu, zinaonyesha kwamba chanjo, vyandarua na vituo vya afya vimeokoa maisha. Kazi ya wauguzi na ya wahamasishaji wa afya wanaotembea mtaani kwa miguu haikupotea.

Habari ya pili inatuhusu sisi wa Kivu Kusini moja kwa moja. Katika EDS ya 2013-14, watoto 43 kati ya kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano nchini walikuwa wamedumaa, maana yake walikuwa wafupi mno kwa umri wao kwa sababu ya kukosa lishe bora na kuugua mara kwa mara. Katika mkoa wetu walikuwa zaidi ya nusu. Tunaishi kati ya ziwa lenye samaki na bonde lenye mpunga, muhogo na mahindi, na bado mtoto mmoja kati ya wawili alikuwa hakui ipasavyo. Mtoto mwenye bwaki kila mtu humwona, mwili umevimba na nywele zimebadilika rangi. Mtoto aliyedumaa haonekani kirahisi, kwa sababu wenzake wa mtaani nao wamedumaa. Ni kipimo tu kinachomfichua.

Habari ya tatu ni cheti cha kuzaliwa. Mwaka 2001 watoto 34 kati ya 100 wenye umri chini ya miaka mitano walikuwa wameandikishwa. Mwaka 2013-14 walikuwa 25 tu. Mwaka 2017-18 walifika 40. Kwa mtoto aliyehama makwao, cheti ni ushahidi wa jina lake, wa wazazi wake na wa nchi yake. Katika eneo ambalo watu wamepigana miaka mingi juu ya swali la nani ni Mkongomani na nani ni mgeni, kukosa karatasi hiyo ni hatari. Sheria ya familia inatoa siku 90 za kuandikisha mtoto baada ya kuzaliwa. Zikipita, safari ya mahakamani huanza, pamoja na gharama zake.

Habari ya nne ni ngumu kuisema, lakini tutaisema. Katika EDS ya 2013-14, wanawake 52 kati ya 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walisema wamewahi kupigwa au kuumizwa mwilini tangu walipotimiza miaka 15. Wanawake 27 kati ya 100 walisema wamewahi kutendewa ukatili wa kingono. Na kati ya wale walioolewa au waliowahi kuolewa, 57 kati ya 100 walikuwa wameteswa na mume kwa maneno, kwa kipigo au kitandani. Tumezoea kuhusisha mateso ya wanawake wa mashariki na watu wenye silaha porini, na mateso hayo ni ya kweli. Lakini takwimu hizi zinatuambia kwamba kuna vita vingine vinavyoendelea nyuma ya mlango wa nyumba, hata mahali ambapo hakuna bunduki. Mkutano wa amani unaozungumza juu ya makundi yenye silaha peke yake unaacha nje nusu ya jambo.

Kwa nini vifo vya vita havikuonekana?

Historia ya mashariki ya Kongo yenyewe inaonyesha nguvu ya kuuliza kaya kwa kaya. Kati ya mwaka 2000 na 2007, shirika la International Rescue Committee lilifanya chunguzi tano juu ya vifo nchini. Lilikadiria kwamba tangu Agosti 1998 hadi Aprili 2007 watu milioni 5.4 walikufa zaidi ya wale ambao wangekufa katika hali ya kawaida. Wataalamu wengine waliipinga idadi hiyo, hasa wakisema kwamba kiwango cha vifo cha kawaida kilichotumika kulinganisha kilikuwa cha chini mno. Mjadala huo haukwisha.

Lakini jambo moja lilibaki wazi. Wengi mno waliokufa hawakuuawa kwa risasi. Walikufa kwa malaria, kuhara, homa ya mapafu na njaa, kwa kuwa walikimbia, vituo vya afya viliporwa, na mashamba yakaachwa. Katika uchunguzi wa mwisho karibu nusu ya vifo vilikuwa vya watoto wadogo. Kabla ya hapo waliokuwa mbali walihesabu waliouawa katika mapigano, wakadhani wanaijua vita. Watoto waliokufa kimya njiani kati ya kijiji na kijiji hawakuwa katika hesabu ya mtu yeyote mpaka mama zao walipoulizwa.

Mahali ambapo familia zilizohama zinapotea

Pamoja na faida hizo, tunapaswa kusema wazi pale ambapo uchunguzi wa kitaifa hautoshi kwetu.

Kwanza, orodha ya maeneo inayotumika kuchagua ina mizizi katika sensa ya 1984 na marekebisho yaliyofuata. Mitaa imebadilika sana tangu hapo. Aprili 2020 mito ya Uvira, hasa Mulongwe, ilifurika na kubomoa nyumba nyingi, na watu wakahamia Kavimvira na kwingineko. Miaka iliyofuata ziwa lilipanda na kuwaondoa wengine pwani. Mapigano ya nyanda za juu za Uvira, Fizi na Mwenga yaliwashusha watu wa makabila yote, wengine kuja mjini, wengine kukusanyika milimani kwenye vituo visivyokuwa katika ramani. Mwaka 2025 vita vya Goma na Bukavu vilileta watu wengi upande wetu, na Desemba ya mwaka huo vikafika Uvira kwenyewe, makumi ya maelfu wakavuka kwenda Burundi. Eneo lililoandikwa kuwa na kaya mia pengine leo ni magofu, na uwanja mtupu wa zamani una mahema.

Pili, chunguzi hizi zimetengenezwa kwa kaya za kawaida. Watu wanaolala darasani, kanisani au kwenye jengo la serikali ni rahisi kuachwa nje. Ni kama ndagala zilizomwagika chini gunia lilipochanika: mnunuzi anapima zilizobaki ndani.

Tatu, mahali pa hatari mara nyingi hapafikiki. Kwa hiyo pale ambapo watoto wana shida kubwa zaidi ndipo panapokosa kuulizwa.

Nne, matokeo hutolewa kwa mkoa. Kivu Kusini ni kubwa: kuna Bukavu, kuna Shabunda msituni, kuna Idjwi kisiwani, kuna sisi wa Tanganyika. Wastani wa mkoa hauwezi kusema lolote juu ya mtaa mmoja wa Uvira. Kiongozi akisema, “EDS imeonyesha kwamba mtaani kwangu watoto wangapi wamedumaa,” amekosea. Uchunguzi haukuchukua kaya za kutosha mtaani kwake.

Tano, wakati hausimami. Uchunguzi wa 2023-24 unaeleza nyumba zilivyokuwa kabla ya kuhama kwa 2025. Mtoto aliyekuwa na chandarua na ng'ombe wa maziwa wakati ule huenda leo hana hata sahani.

Tena Februari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha ufadhili wake kwa mpango wa kimataifa uliokuwa ukisaidia chunguzi za EDS tangu 1984. Baadaye wafadhili wengine walijitokeza kwa muda. Hata hivyo tusitegemee kwamba kila miaka michache mgeni atakuja kutuhesabu. Tujifunze pia kuhifadhi habari zetu.

Hofu tunazozisikia

“Majibu yangu yatapelekwa kwa askari.” Katika chunguzi hizi majina hayatangazwi na majibu ni siri. Anayeulizwa lazima aombwe ruhusa kwanza, na anaweza kukataa swali lolote au kusimamisha mazungumzo. Katika maswali ya ukatili wa nyumbani, EDS huchagua mwanamke mmoja tu katika kaya, naye huulizwa peke yake. Mtu akiingia, muulizaji anatakiwa kubadili mazungumzo au kunyamaza. Wanaume tunawaomba: muulizaji akiomba kuongea na mama faraghani, msione ni dharau. Ni kinga kwake.

“Wanataka kujua kabila gani ni wengi.” Uchunguzi wa kaya chache hauwezi kujibu swali hilo kwa Uvira, Fizi wala bonde la Ruzizi. Mtu anayetumia takwimu za mkoa kudai kwamba watoto wa Wafuliiru, Wavira, Wabembe, Wanyamulenge au Warundi wanapendelewa au wanapuuzwa anasema jambo ambalo takwimu hizo hazikusema. Viongozi mkisikia maneno ya namna hiyo, ulizeni: “Imeandikwa wapi? Ni uchunguzi upi, wa mwaka gani?”

“Tukisema hali yetu mbaya zaidi, msaada utakuja.” Uchunguzi hauleti msaada kwa nyumba iliyojibu. Uongo wa kuongeza shida na uongo wa kuficha shida vyote viwili vinamharibia mtoto. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Na anayeyaongeza naye hupewa dawa isiyo yake.

Viongozi na familia tufanye nini?

1. Waulizaji wakifika, waombeni barua ya kazi na vitambulisho. Waulizeni ni uchunguzi gani, wa nani, na matokeo yatatangazwa wapi. Kisha waelezeni watu mtaani, kanisani na msikitini kwamba si orodha ya msaada.

2. Kazi ya kuandika kaya ndiyo nafasi yenu kubwa zaidi. Hapo ndipo kaya huingia au hukosa kuingia. Waonyesheni waandikaji mipaka ya eneo, vibanda vya nyuma ya nyumba, mahema mapya, na familia zilizopokewa. Msichague kaya. Onyesheni zote.

3. Ombeni matokeo. Ripoti za MICS na EDS ni za umma. Mwulizeni daktari mkuu wa zoni ya afya, au mashirika mnayofanya kazi nayo, awasomee kwa Kiswahili sehemu inayohusu Kivu Kusini.

4. Unganisheni takwimu za taifa na madaftari ya hapa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulilinganisha siku ambazo maji ya bomba yalikosekana Uvira na idadi ya wagonjwa walioingia kituo cha kutibu kipindupindu. Uligundua kwamba baada ya siku za kukosa maji wagonjwa waliongezeka. Hakuna uchunguzi wa kitaifa ambao ungeweza kusema hivyo juu ya mji wetu. Lilisemwa na madaftari ya kituo na ya maji, yaliyoandikwa kila siku bila kuruka.

5. Anzisheni daftari dogo la jamii, wenyeji na waliokimbia wakiliandika pamoja: watoto waliozaliwa mwezi huu, walio na cheti, waliofariki chini ya miaka mitano, wasiokwenda shule, na muda wa kufuata maji. Angalieni hesabu ndogo zisiwadanganye. Katika kituo cha familia arobaini, kifo cha mtoto mmoja kinaweza kufanya mwezi mmoja uonekane wa maafa na unaofuata uonekane wa neema. Tazameni miezi mingi kwa pamoja.

6. Lindeni daftari hilo. Idadi inatosha. Jina, kabila na kijiji cha mtu havihitajiki ili kujua kwamba watoto kumi hawana cheti. Katika nchi yetu orodha ya majina imeweza kuwa hatari mahali pakibadilisha mtawala. Habari za mwanamke aliyetendewa ukatili zisiandikwe kabisa katika daftari la mtaa. Mpelekeni kituo cha afya haraka, ndani ya saa 72, ili apate dawa za kinga.

Hesabu moja, meza moja

Tumesisitiza kwamba daftari liandikwe kwa pamoja, na tuna sababu. Wenyeji wakihesabu peke yao, waliokimbia watasema wamepunguzwa. Waliokimbia wakihesabu peke yao, wenyeji watasema wameongezwa. Lakini mama wa Kavimvira na mama aliyeshuka kutoka Bijombo wakihesabu pamoja watoto wasio na cheti, mara nyingi watagundua kwamba wa huyu na wa yule wote hawana. Kisima kikiwa mbali, ni mbali kwa wote wawili. Hapo wanaweza kwenda ofisini pamoja na ombi moja.

Uchunguzi wa kaya hauwezi kuleta amani wenyewe, wala hauwezi kumrudisha mtu kwenye shamba lake. Unachoweza ni kuweka mbele ya wenye mamlaka hali ya mtoto ambaye hawajawahi kumwona, kwa namna ambayo ni vigumu kuikana. Tunawaomba mfungue milango, mseme kweli, mtaje kila anayelala nyumbani mwenu, kisha mdai kujua kilichopatikana.

Maswali ya kujadili kwa pamoja

Ni nani katika mtaa wetu anaweza kusahaulika waandikaji wa kaya wakipita kesho?

Watoto wangapi kati yetu hawana cheti cha kuzaliwa, na kikwazo ni kipi: pesa, umbali, hofu au kutojua?

Je, wanawake wa mtaa wetu wana mahali pa kusema mateso yao kwa siri? Kama hawana, tuanze na nini?

Ni takwimu gani tunazozisikia zikitumiwa kugombanisha watu hapa? Zinatoka wapi?